Kufungiwa kwa Nje

Mwizi aliingia mchana, nilipokuwa bombani. Alichukua redio, mashuka na sufuria iliyokuwa bado na mboga. Miaka ile ya Ujamaa shuka hukulipata kwa kutaka tu. Ulipanga foleni duka la ushirika, na zamu yako ikifika ukaambiwa yamekwisha. Mume wangu aliporudi kazini hakunilaumu. Alikaa kitandani akitazama pale redio ilipokuwa, na tangu siku ile hakutulia.

Tulikaa kota za reli, Kilosa, vyumba vilivyoungana, kuta za kati zikiishia chini kidogo ya bati. Sauti ya jirani ilipita juu, na harufu ya samaki wake pia. Upande wa pili alikaa mjane, mzaliwa wa Tindiga, na mwanawe aliyefanya kazi na mume wangu. Kila alfajiri alinijulia hali kupitia juu ya ukuta kabla hatujaonana nje. Nilikuwa mgeni pale, na mimba ya kwanza, nilimwita mama.

Mume wangu akaweka nondo dirishani. Akachomelesha mlango wa chuma, ukakaa mbele ya ule wa mbao. Kisha akasema mwizi mwenye akili atapita juu ya ukuta, akaziba pengo lote kwa mbao za masanduku. Chumba kikawa tanuri, na sauti ya mama ikawa kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

Bado akahofia nitapitiwa na usingizi wa mimba mlango ukiwa wazi. Akaanza kunifungia kwa nje anapokwenda kazini, na ufunguo, uliokuwa mmoja tu, akaondoka nao. Aliniachia chakula, maji, na ndoo ya haja. Nilimwambia sipendi. Akanijibu kwa upole kwamba ni mpaka nijifungue. Upole ule ndio ulionishinda. Angekuwa mkali ningepiga kelele. Nikawa nashinda nimeshika nondo, nawatazama wanawake wakienda sokoni, na walipouliza mbona sitoki, nikasema miguu imevimba.

Uchungu ulinianza asubuhi, kabla siku zangu hazijatimia, yeye akiwa amekwishapanda treni ya Mikumi. Watu wa kota walikuwa wamekwenda shamba la ujamaa, upande wa Chanzuru. Niligonga ukuta kwa mwiko. Mama akaja mlangoni, akalipiga kufuli kwa jembe mpaka mpini ukapasuka. Alitaka kukimbia kutafuta watu. Nilimsihi asiniache.

Alisimama akifikiri, kisha akaingia kwake. Nikasikia meza ikiburutwa, halafu mchi ukizigonga zile mbao juu yangu. Vumbi likaniangukia. Mbao zikang'oka, ikatokea miguu yake myembamba iliyojaa mikwaruzo, na mwanamke yule wa umri wa bibi yangu akajishusha mpaka kitandani kwangu.

"Sasa tumefungwa wawili," alisema. "Shika mkono wangu."

Mtoto alizaliwa adhuhuri, wa kike. Mama alikata kitovu kwa wembe wa mume wangu, alioupitisha kwenye moto. Lakini damu yangu haikukoma upesi. Hospitali haikuwa mbali, nasi hatukuweza kuvuka hata kizingiti. Alinikanda tumbo mchana kutwa, akinisemesha kila macho yalipojifumba.

Jioni mume wangu alisikia kilio cha kichanga akiwa bado uani. Alipochungulia dirishani akaona ni nani aliyekaa kitandani, ulimi wake ukafuata mazoea: "Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Sikuwahi kusikia mtu mzima akiiacha shikamoo ipotee hivyo.

"Fungua," alisema. "Mkeo anakwenda hospitali."

Ufunguo ulimponyoka, akaupapasa vumbini. Wanaume waliokuwa wakirudi shambani walinibeba na kitanda changu.

Nilipotoka hospitali nilikuta mume wangu ameung'oa mlango wa chuma. Zile mbao hazikurudishwa juu ya ukuta.

Baadaye tulihamishiwa Mikumi, nyumba yenye nondo tayari. Siku ya kwanza alitaka kulala upande wa mlangoni, kama wanaume wafanyavyo, ili mwizi amkute yeye. Nilimwomba upande huo niuchukue mimi. Akanipisha, akageukia ukutani, na ilipita muda mrefu kabla yeyote kati yetu hajapata usingizi.