Maji Yalale Kwanza

Jirani yangu hajui kukaa. Ukimwona kitini, ujue anafunga kamba za viatu. Tangu binti yake ahamie mbali kikazi na kumwachia tangi la samaki, korido yetu imejaa ndoo za maji ya bomba, maana yakitoka tu bombani asidi yake haijatulia, na samaki wakibadilishiwa ghafla hufa. "Lazima yalale kwanza," huniambia. Lakini yeye hayaachi yalale. Atayachungulia, atayakoroga kwa mwiko, atachovya kikaratasi cha kupimia, kisha huyoo dirishani kukilinganisha na kadi ya rangi. Macho yake mwenyewe hayaamini. Nikipita na takataka zangu hunidaka kwa vidole vilivyokunjamana kwa maji: "Hebu nitazamie, dada. Hii kijani, au imeingia buluu?" Nikisema kijani, huuliza, "Kijani ya jana?" Akiridhika, humimina kikombe kikombe, akiwaomba samaki radhi kwa sauti ya chini. Yeye kiu ikimbana hukinga kiganja bombani, akanywa.

Jana simu ililia, akaipokea kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa ndani ya ndoo. Binti aliuliza habari za samaki.

"Wapo. Wala hawanisumbui."

Binti akasema amepata nyumba kubwa, atakuja kuwachukua Jumamosi.

"Afadhali," akajibu jirani yangu. Akakata simu, akageuza ndoo tupu kifudifudi, akaikalia.