Kura ya Baba Salma

Alhamisi, Ilford

Dada Rehema na wenzangu, leo nimekipigia kura chama nisichokipenda.

Mnajua mimi na marehemu mume wangu, Baba Salma, hatukuwahi kukubaliana kwenye siasa; yeye na chama chake, mimi na changu. Kila uchaguzi alivaa kofia yake ya kijivu, akaniambia, "Mama, twende tukafutiane kura." Tukatoka tukicheka.

Leo nimekwenda peke yangu. Hakuna wa kunifutia.

Nikashika penseli, nikaona kura yake ndiyo imepotea hivyo.

Nikaweka alama kwenye chama chake.

Nje nikamweleza jirani yangu Mama Neema, ambaye siku zote hukipigia kura chama changu. Akaniambia,

"Haya shoga, nishikie mkoba. Naingia kukufutia."

Nikacheka, kisha nikalia.

Mkienda kupiga kura, mkumbukeni Baba Salma.