Nyumba Isiyolaliwa

Mama hakuwa mtu wa kulala nje ya nyumba yake ya Dagoretti, kwa hiyo nilipoikatia nyumba hiyo bima niliweka sahihi bila kusoma masharti. Ofisi ya wakala ilikuwa River Road, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabomba, na kelele za huko chini zilinifanya nitake kumaliza haraka. Wakala alijitahidi. Alinionyesha kwa kalamu yanayolipwa: moto, wizi, maji ya tangi au bomba likiharibika. Akanionyesha ekses, ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye nyumba hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake. Kisha akagonga kalamu kwenye mstari mmoja.

"Nyumba isikae siku thelathini bila mtu kulala ndani, kama hujatuambia," akasema. "Ikikaa hivyo, wizi na maji hatulipi."

Nilicheka, nikamwambia hamjui mama yangu.

Mama mwenyewe alielewa mambo hayo haraka kuliko mimi. Nilimweleza ekses kwa mfano wa chama chao cha kanisa, ambapo mfiwa hununua jeneza na wenzake wakaleta yaliyobaki. "Basi jeneza ni letu," akasema. Akaikunja ile karatasi, akaitia kwenye mfuko mmoja na hati ya shamba, akaufungia kabatini. Nilijiona mtoto wa maana sana siku hiyo.

Mwaka uliofuata dada yake akaugua huko Murang'a, na hakukuwa na mwingine wa kumuuguza. Mama aliniita, akanipa funguo. Mimi nimeitwa jina la babake, kwa hivyo tangu nizaliwe huniita baba.

"Baba, uwe unalala hapa," akaniambia. "Hata mara mbili kwa wiki. Nyumba ikae na mtu."

Nikakubali. Kabla ya kuondoka alitandua kitanda changu cha ujana, akaweka shuka safi mbili, zimekunjwa, pale upande wa miguu.

Sikulala huko hata siku moja. Ningependa kusema kazi ilinibana, lakini sababu ni uvivu. Nyumba yangu Kileleshwa ina maji ya moto, na upepo ukigeuka kule Dagoretti unaleta harufu ya kichinjio hadi chumbani. Jumamosi ya kwanza nilifika, nikazunguka nyumba kwa nje, nikachuma parachichi tano na kurudi zangu. Jumapili Mama akapiga simu baada ya ibada, akauliza kama nililala vizuri. Nikasema vizuri. Basi ikawa ndiyo salamu yetu ya kila Jumapili. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na wiki saba.

Dada yake alizikwa wiki ya saba, na nikamleta Mama nyumbani mimi mwenyewe. Alikuwa amechoka, hana hata nguvu ya kulia. Mlango ulikuwa umevimba, nikausukuma kwa bega. Dari ya sebule ilikuwa imelala juu ya makochi. Tangi liko humo darini, maji ya kaunti huja mara mbili kwa wiki, na lile boya la kuyafunga tangi likijaa lilikuwa limekwama. Kila siku ya maji, maji yalikuwa yakishuka mpaka yakatike yenyewe. Mtu aliyelala humo usiku mmoja tu wa maji angeyasikia na kuyafunga.

Mama alisimama katikati ya uchafu ule, akasema jambo moja tu. "Si tuko na bima?"

Mkaguzi wa kampuni alikuja siku ya tatu, mwanamke mwenye gambuti, mtu wa heshima. Alimpa Mama pole ya msiba kwanza, ndipo akapiga picha dari, makochi na kabati. Halafu akauliza nyumba ilikuwa na nani Mama akiwa Murang'a.

"Huyu kijana yangu," Mama akajibu kabla sijafungua kinywa. "Alikuwa analala hapa. Kila Jumapili nilikuwa namuuliza."

"Basi ni sawa, mum. Tukishatoa ekses, hiyo ingine tutalipa."

Nilihisi nafuu, na ninaona aibu kuliandika hilo. Nilianza hata kupanga jinsi nitakavyosema nilikuwa kazini kila maji yalipokuja. Kumbe kilikuwa kimebaki chumba changu, ambacho hakuna aliyekuwa amekifungua tangu turudi. Mkaguzi alisukuma mlango akaingia, Mama nyuma yake, mimi mwisho. Godoro lilikuwa limelowa na kuota ukungu. Upande wa miguu shuka mbili zilikuwa bado zimekunjwa, kona kwa kona, vile Mama anavyozikunja.

Mama aliziinua. Zilikuwa nzito kwa maji. Alizitazama, kisha akanitazama mimi. Mkaguzi alikuwa akiandika, hakuwa ameona kitu. Akaninyooshea karatasi niweke sahihi kwamba nilikuwa nikilala humo.

Mama angeniacha nisaini. Nililijua hilo kwa jinsi alivyoinamisha macho. Alikuwa tayari kuubeba uongo wangu mbele ya mgeni, mwanamke ambaye hata mdai akibisha hodi hajawahi kunituma mlangoni niseme hayupo.

"Sikulala hapa," nikasema.

"Hata siku moja?" mkaguzi akauliza.

"Hata moja."

Mkaguzi alifunga kalamu yake. Alisema, bila ukali, kwamba kungekuwa na moto wangelipa, lakini maji hapana. Akampa Mama mkono, akaondoka.

Nilianza kuomba msamaha. Mama alikuwa akikamua shuka dirishani, na aliongea bila kugeuka.

"Mama wa hapo jirani alisikia maji yakimwagika. Hakuja kuangalia. Nilikuwa nimemwambia uko ndani, akafikiri ni wewe unaoga."

Kisha akashika godoro ili alitoe nje. Nikaenda kushika upande wa pili.

"Wacha, baba," akasema. "Wewe enda ulale kwako."