Nilimsingizia Kanti kwa AC ya Benzi

Mimi ndiye niliyeiua AC ya Benzi ya marehemu mume wangu, halafu nikamtupia lawama mtu asiye na hatia. Shule niliishia darasa la tatu, lakini jina nililolitaja siku ile silisahau. Laiti ningelisahau!

Benzi ile nyeupe imebeba maharusi wa Kariakoo tangu nina meno yote. Fundi wake alikuwa mmoja tu, Kanti, Mhindi wa gereji ya Msimbazi, rafiki wa mume wangu. Mimi aliniita shemeji. Kila akimaliza kazi alibandika karatasi ndani ya boneti, kaandika alichobadilisha.

Mjukuu wangu Mwanahamisi alipokaribia kuolewa, AC ikawa haitoi baridi. Kanti akaniambia, "Shemeji, gesi ya zamani haipatikani tena. Hii mpya haipatani na oili iliyomo, itaua kompresa, ile pampu ya AC. Lazima niimwage, nisafishe mabomba, nibadilishe mipira na chujio. Nipe siku nne."

"Siku nne! Harusi keshokutwa, Kanti. Unatengeneza gari au unalizaa?"

Akacheka. "Basi nendeni vioo wazi, bi harusi apigwe upepo."

Kiburi changu mimi! Mjukuu wangu apite vioo wazi, majirani kina Mama Zuhura wanatazama? Nikachukua ufunguo, gari likaenda kwa Shabani, anayejaza gesi kando ya barabara. Naye aliuliza vizuri tu, "Bibi, oili ya zamani imeshatolewa?"

"Kanti kashatoa yote. Wewe jaza."

Uongo mtupu, Mungu wangu! Akajaza. Ikatoa baridi kama barafu ya samaki wa soko la Feri.

Siku ya harusi, tunaelekea Posta kupiga picha, kompresa ikalia kama chuma kinasagwa. Ikakwama, mkanda ukakatika, moshi! Mwanahamisi akashuka barabarani, wanja unamtiririka mpaka kidevuni.

Mwanangu Rajabu, baba wa bi harusi, akafoka, "Nani kagusa AC hii?"

Watu wote wananitazama. Nikasema, "Kanti."

Rajabu akaenda kumtukana gerejini mbele ya wateja, mimi nimesimama nyuma yake. Kanti angeweza kusema, fungueni boneti, tazameni kama karatasi yangu ipo. Hakusema! Aliuliza tu, "Shemeji ndiye kasema?"

"Ndiye," Rajabu akajibu.

Kanti akanitazama. "Basi ni mimi."

Maneno ya Kariakoo hayana breki. Wateja wakamkimbia mmoja mmoja, hata wale waliorithi fundi kwa baba zao. Gereji ikafungwa. Akahamia Mwanza kwa binti yake Hansa, bila kuniaga.

Mwaka huu ndipo nikapata moyo wa kumpigia Kanti simu. Nikasema yote, nalia. Nikamaliza, ikaja sauti ya Hansa: "Bibi, nilimwekea simu sikioni. Lakini baba kapooza, siku hizi hata mimi hanitambui."

Jamani! Nilikuwa nalia na ukuta.

Rajabu nilipomwambia, aliinuka akaondoka. Sasa hanijii ila siku ya Idi.

Nyinyi mnaosoma, habari ya gesi na oili fundi yeyote atawaeleza. Hili langu halina fundi. Ukimsingizia mtu, kamsafishe siku ileile, angali anajua wewe ni nani.

Benzi iko uani, imekufa. Nikifunua boneti, karatasi za Kanti zote zipo, zimekuwa za njano. Ya harusi haipo.