Mawe Juu ya Kibao cha Shaba

Mdomo wangu tangu zamani hauna kufuli. Siku ile laiti ungekuwa nalo.

Tulikuwa tumepewa chumba nyuma ya soko la Kariakoo, kwenye nyumba ya ghorofa iliyotaifishwa. Mbele ya mlango, palepale watu wanapopita kwa miguu, kulikuwa na kibao cha shaba kilichozamishwa kwenye saruji. Mume wangu, karani huko Posta, alinisomea: humu alizaliwa kijana wa Kiyahudi, wa kwanza wa watu wake katika mji huu kupokewa katika chuo cha maofisa wa jeshi. Akafa vitani kabla hajavaa hata nyota moja.

"Kumbe kila tukitoka tunakanyaga jina la maiti," nikasema. Mume wangu akacheka. Mimi sikucheka.

Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Mtoto wetu wa kwanza aliishi siku tatu tu. Wanaume walimbeba wakaenda kumzika, mimi nikabaki kwenye mkeka, maana kwetu mwanamke hafuati jeneza. Nilipouliza kaburi liko wapi, mume wangu alisema karibu na ukuta. Ukuta upi? Hata yeye alishasahau. Basi mimba hii ya pili niliilinda kama yai.

Ndipo yakaanza mawe. Kila Ijumaa asubuhi nikitoka na ufagio nakuta kijiwe juu ya kibao, katikati ya jina. Nafagia. Ijumaa nyingine kingine. Jirani yangu muuza maandazi akaninong'oneza, "Mwenzangu, hayo unawekewa wewe." Tumbo likicheza nashtuka, lisipocheza nashtuka zaidi.

Ijumaa moja nikajibanza nyuma ya mlango mapema. Akaja mzee wa Kizungu, mwembamba, suruali imepauka, akainama akaweka jiwe. Nikamtokea na ufagio mkononi.

"Mchawi! Leo nimekukamata! Unamtaka mwanangu!"

Lo, Kariakoo hiyo! Wachukuzi, wauza nyanya, wote wakajaa. Mmoja akamkwida shati, kofia yake ikaanguka.

"Mama," mzee akaniambia, kwa Kiswahili cha hapahapa mjini, kidole kwenye kibao, "mwanangu huyu. Meli yao ilizama, hana kaburi. Kwetu ukimzuru marehemu unaacha jiwe, ajue ulifika." Akatazama chini. "Yale mengine yako wapi?"

Nilikuwa nimeyafagia yote. Yalikuwa jalalani.

Ulimi wa kumwita mchawi nilikuwa nao, wa kusema "mwacheni" sikuwa nao. Ni balozi wetu wa nyumba kumi aliyewatawanya watu. Mzee akaokota kofia, akaondoka anachechemea. Ijumaa iliyofuata hakuja. Wala nyingine.

Majuto ni mjukuu. Mwanangu alizaliwa salama, wa kike, na furaha nilikuwa nayo, sitasema uongo. Lakini Ijumaa nikimnyonyesha nilisikia viatu vinasimama mlangoni. Nikichungulia, hakuna mtu. Mume wangu hakusikia kitu hata siku moja.

Nikaanza kuweka mawe mwenyewe. Kwanza moja, la kijana wake. Baadaye mawili. La pili la wangu, yule wa siku tatu.

Miaka ikapita, akahamia mpangaji mpya, mke wa kijana mmoja kutoka Moshi, naye tumbo linaonekana. Ijumaa moja akanikuta nimeinama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, unatuwekea nini mlangoni?" Mkono ameuweka tumboni.

Unanijua mimi. Nilifungua mdomo nimpashe, yakatoka maneno ya mzee. "Mwanangu huyu," nikasema. "Kaburi lake silijui."

Akaingia ndani. Asubuhi ya pili nilimwona kupitia dirisha akifagia mlango mzima, taratibu, na mawe mawili akayazunguka. Nilikaa kitandani nikalia, maana mimi hilo lilinishinda.