Soksi za Farasi

Fundi wa matandiko ya farasi ana vidole vilivyotobokatoboka kwa sindano, na kila akijichoma hujitukana kwanza, kisha hucheka. Alishona soksi ndefu za kupoza miguu ya farasi iliyovimba, zenye vifuko vya barafu, akaziombea hataza, hati ya kulinda uvumbuzi, ili asije akaibiwa wazo. Mkaguzi wa hataza akamkatalia. "Mzee wangu, barafu juu ya uvimbe ni jambo la wazi kwa fundi yeyote."

"Kama ni la wazi, mwanangu, mbona mimi nimeota mvi nikilitafuta?"

Mkaguzi alicheka, lakini hataza hakutoa. Fundi akarudi bandani kwa unyonge, soksi mkononi. Kabla hajainama, farasi jike aliyekuwa akichechemea akamnyooshea mguu.

"Haya," akaguna, akipiga goti, "kumbe hata wewe ulishajua. Nilibaki mimi tu."