Mwani wa Tokilupe na Hesabu ya Jumapili

Saa mbili asubuhi, kengele ya kanisa imeshalia mara ya kwanza, na Tokilupe Vainikolo bado amesimama gatini, kajifunga kiunoni mkeka wa heshima wa kuendea ibada, macho majini.

"Wewe! Umeona ngapi?" anauliza shangazi yake, Kalolaine, kutoka barabarani.

"Tano, Shangazi."

"Tano. Haya, twende, tutakosa viti vya mbele!"

Namba hiyo haitaandikwa mpaka kesho. Hapa Vavaʻu, visiwa vya Tonga, Jumapili hakuna kazi, na kazi ya Tokilupe, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, ni utafiti. Amejiajiri. Huuchunguza mwani uitwao limu kwa niaba ya wateja wa Japani, Nyuzilandi na Fiji, kila mmoja na mkataba wake.

"Mwezi wa neema napata paʻanga elfu tatu," anasema. "Mwezi mwingine nakula mihogo na majina ya kisayansi." Anaangua kicheko.

Mwaka huu nusura mkataba wa Japani umponyoke. Kwenye ghuba amesimika nguzo zenye alama nyekundu. Alama zikionekana nyingi chini ya maji, maji ni safi. Mteja aliona jedwali la hesabu za alama lina pengo kila siku ya saba, akaja juu: alete hesabu ya kila siku au aache kazi.

Tokilupe akaenda kwa Shangazi Kalolaine. Katika ukoo wa Kitonga, akisema dada wa baba, hata baba mwenyewe hunyamaza.

"Boti huingii, kamba huvuti, kalamu hushiki," Shangazi alimwambia. Tokilupe akainamisha kichwa. "Lakini kuangalia? Kuangalia si kazi. Mungu mwenyewe Jumapili anaangalia."

Tangu hapo anaangalia akienda kanisani, anaandika Jumatatu. Siku moja namba ilimtoka kichwani katikati ya mahubiri. "Sita!" Shangazi akamnong'oneza kwa sauti iliyofika madhabahuni.

Baada ya miezi mitatu, Tokilupe hakuamini macho yake. Siku za kazi zilikuwa na alama tatu; Jumapili tano, hata sita. Boti zikilala, tope hutulia, na limu hupenda maji safi.

Mteja naye, alipoziona namba hizo, kageuka. Sasa anaahidi miaka miwili zaidi, ila kwa sharti moja: ghuba ipumzishwe siku nyingine ya wiki. Jumanne kijiji kitakutana kuamua, na Tokilupe ana wasiwasi kweli, maana wenye boti si watu wa kubembelezwa.

"Naomba Jumatano tu," anasema wakitoka kanisani.

"Jumatano!" Shangazi anaguna. "Wanaume wakae nyumbani siku mbili? Watafanya nini?"

"Watapika, Shangazi. Chakula cha kufukia ardhini kwenye mawe ya moto, kama Jumapili."

Kalolaine anasimama katikati ya njia, anafikiri.

"Jumanne wewe kaa kimya," anasema. "Nitaongea mimi."